Nani Anajitolea Ufipa?

Matangazo yanafanana. Mradi wa afya unatafuta wasaidizi wa kujitolea kwa miezi mitatu au sita, Tanzania, mazingira ya vijijini. Wanaoitikia ni wa aina mbili. Wapo vijana wa Ulaya, Marekani na Japani wanaotaka kuifahamu dunia huku wakisaidia. Wapo pia Watanzania waliomaliza diploma au shahada ya afya ya jamii, ajira bado hazijatoka, na wanatafuta uzoefu wa kuandika kwenye wasifu wao. Kuna na aina ya tatu, ambayo haisomi tangazo lolote. Huyu ni jirani aliyesimamishwa kwenye mkutano wa mtaa, akapigiwa makofi, akakabidhiwa rejista na begi, akaambiwa kuwa kuanzia siku hiyo yeye ndiye mhudumu wa afya ngazi ya jamii.

Wote watatu wanahesabiwa kuwa wamejitolea, lakini mizigo yao hailingani. Mmoja amejilipia nauli na ana kwao pa kurudi. Wa pili anakula kwa wazazi akisubiri ajira. Wa tatu anaacha shamba lake ili akapime watoto wa wenzake.

Makala haya yanalitazama suala hilo kutoka Pito, kata ya Manispaa ya Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa ambako watu wanaishi kwa jembe ingawa mji hauko mbali. Hoja yangu ni kwamba kujitolea katika afya kunazaa matunda kwa masharti mawili. Kwanza, muda wa anayejitolea ulingane na muda wa tatizo lenyewe. Pili, gharama ya kujitolea isimwangukie aliye maskini kuliko wote katika kazi hiyo. Miradi mingi hulisahau sharti la kwanza, na karibu yote hulikwepa la pili.

Ghala limejaa, mtoto hakui

Mtu hawezi kusema msaidizi wa mradi ana faida gani Ufipa kabla ya kujua Ufipa inaumwa nini. Rukwa, ambamo Ufipa imo, ni mkoa wenye watu zaidi ya milioni 1.5 kwa sensa ya 2022, na tangu miaka ya 1980 umetajwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma katika mikoa minne mikubwa ya mahindi. Wafipa walikuwa mafundi wa kilimo kabla ya mbolea ya viwandani kufika. Walifukia majani ndani ya matuta makubwa, yakaoza na kuurutubisha udongo kwa msimu unaofuata. Mahindi na maharage yanapatikana, na malori huyapeleka mbali.

Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2015-16 uliukuta mkoa huu ukiongoza nchi nzima kwa udumavu. Katika kila watoto 100 walio chini ya miaka 5, 56 walikuwa wafupi kuliko umri wao unavyodai. Utafiti wa 2022 ulionyesha nafuu: Rukwa ilishuka hadi karibu asilimia 50, nyuma ya Iringa iliyokuwa na karibu asilimia 57 na sambamba na Njombe. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Mikoa inayolisha nchi ndiyo yenye viwango vikubwa zaidi vya udumavu.

Sababu zinajulikana. Mtoto anashibishwa ugali na uji wa mahindi matupu, ilhali mayai yanapelekwa sokoni na maziwa ni ya kubahatisha. Mama anashinda shambani msimu wote wa palizi, na mtoto anabaki kwa dada yake mdogo akilishwa mara mbili tu kwa siku. Wasichana wanabeba mimba kabla miili yao haijamaliza kukua. Maji yasiyo salama na vyoo duni vinaleta kuhara kwa kurudiarudia, na chakula kidogo alichokula mtoto kinapotea. Haya yote hutendeka ndani ya siku 1,000, tangu mimba kutungwa hadi mtoto kutimiza miaka 2. Zikishapita, sehemu kubwa ya hasara hairudishwi, iwe ni ya kimo au ya akili.

Udumavu haulii wala hauna homa. Mahali ambapo nusu ya watoto ni wafupi, mfupi ndiye anayeonekana wa kawaida, na mama hana sababu ya kumkimbiza zahanati. Mgeni wa miezi mitatu naye anawaona watoto wanacheza na wamenenepa mashavu, anaondoka akiamini hali si mbaya.

Kazi yenyewe ikoje

Msaidizi wa mradi si daktari wala hapaswi kuwa. Kazi yake inaanzia kwenye barua ya utambulisho. Anaipeleka kwa mkurugenzi wa manispaa, kwa mganga mkuu, kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mwenyekiti wa mtaa, na kila ofisi inagonga muhuri. Baada ya hapo anapanga safari za bodaboda, anahesabu fomu, anajaza takwimu kwenye kishikwambi, anaandaa orodha za mahudhurio, anabeba vifaa na kuandika taarifa ya mwezi. Kama mradi ni wa utafiti, kibali cha maadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) vinatakiwa viwepo kabla mtoto wa kwanza hajaguswa.

Kazi hii huonekana ndogo, lakini tazama kipimo kimoja tu. Kujua kama mtoto amedumaa kunahitaji ubao wa kupimia urefu na watu wawili. Aliye chini ya miaka 2 hulazwa chali. Mmoja anamshika kichwa kiguse ubao, macho yakitazama juu. Wa pili anayanyoosha magoti kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anasogeza kibao hadi kwenye nyayo. Viatu na kofia vimevuliwa, na kama nywele zimesukwa juu ya utosi zinabidi zifumuliwe. Mtoto analia, mama ana wasiwasi, foleni ni ndefu. Mtoto aliyetimiza miaka 2 hupimwa akisimama. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mvulana wa umri huo anatarajiwa kuwa na kama sentimita 87. Akiwa chini ya sentimita 81 anahesabiwa amedumaa. Magoti yakikunjwa kidogo tu sentimita moja inapotea, na mtoto mzima anaandikwa amedumaa. Tarehe ya kuzaliwa ikikosewa kwa miezi miwili, aliyedumaa anaandikwa mzima. Kadi ya kliniki iliyolowa mvua na kufutika tarehe inaweza kuipotosha takwimu kama vile ubao mbovu.

Kifaa kinachopendwa zaidi ni utepe wa rangi unaozungushwa mkononi. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kutoka hapo hadi 12.5 ni njano, juu yake ni kijani. Utepe ni mwepesi, na mtu hufundishika kuutumia kwa siku moja. Lakini unapima kukonda, haupimi udumavu. Mtoto wa Pito aliyedumaa anaweza kusoma kijani safi. Msaidizi asiyelijua hilo atawapima watoto mia, ataandika kuwa karibu wote ni kijani, na taarifa yake itapendeza ofisini huku tatizo la Ufipa likibaki lilivyokuwa.

Kwa hiyo swali la kumuuliza msaidizi wa kujitolea si moyo alionao tu. Je, amefundishwa kipimo hiki hadi mkono wake ukazoea? Na je, atakuwepo mtoto yuleyule atakapopimwa tena?

Waliotangulia

Ufipa si mgeni wa kujitolea. Mwaka 1889 alifika Karema, kaskazini mwa Ufipa kando ya Ziwa Tanganyika, kijana Mwafrika aliyeitwa Adrian Atiman. Alikuwa ametekwa utotoni katika nchi za mto Niger, akauzwa utumwani, akakombolewa na Mapadre Weupe, kisha akasomeshwa udaktari Malta. Alikuja kama daktari na katekista. Alioa hapohapo, akazeeka hapohapo, akafa 1956 baada ya kuwahudumia watu wa eneo hilo kwa miaka 67. Hospitali ya Kanisa Katoliki mjini Sumbawanga inaitwa kwa jina lake. Atiman alikuwa mgeni kama wageni wengine wa misheni. Aliyekuwa mtoto mikononi mwake alimrudia akiwa mzazi, na hakuna mkataba wa miezi sita unaoweza kuleta ujuzi wa namna hiyo.

Baada ya uhuru, serikali ilijaribu njia pana zaidi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya karibu watu wazima milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma vijitabu na kujadili malaria, kichocho, kuhara na maji. Viongozi wa vikundi walikuwa wanakijiji wenyewe. Watu walichimba vyoo, wakafyeka vichaka, wakafukia madimbwi. Kilichowawezesha ni kwamba kazi ilikuwa na mwanzo na mwisho: wiki kadhaa za majadiliano, kisha jembe na koleo. Kila mtu alitoa kidogo, na alichotoa kilibaki nyumbani kwake.

Mkutano wa Alma-Ata wa 1978 ulipotangaza huduma ya afya ya msingi, Tanzania ilikuwa tayari na wahudumu wa afya wa vijiji na ikaongeza wengine. Hao hawakutakiwa kujitolea wiki kadhaa, walitakiwa mwaka baada ya mwaka. Serikali za vijiji ziliambiwa ziwalipe posho. Uchumi ulipodhoofika miaka ya 1980, vijiji vingi havikuwa na cha kulipa, na wahudumu wengi wakarudi mashambani. Funzo lake lilikuwa wazi tangu wakati huo: uzalendo unaweza kuianzisha kazi ya kudumu, lakini hauwezi kuilisha.

Katika miongo hiyohiyo walikuja wageni wa serikali rafiki. Peace Corps ya Marekani ilileta kundi lake Tanganyika mwaka wa uhuru, 1961. Japani ilianza kuleta vijana wake 1967. Miaka ya 1980 Norway, kupitia shirika lake la NORAD, ilisaidia mpango wa maendeleo vijijini wa Rukwa uliojulikana kama RUDEP, ukiwemo upatikanaji wa maji. Maji yanayofika karibu na nyumba yanaendelea kumlinda mtoto na kuhara hata baada ya aliyeyaleta kurudi kwao, mradi pawe na wa kuyatunza. Ndiyo maana ni vigumu kusema kwa jumla kwamba wageni wana faida au hawana. Inategemea wanachokiacha.

Panapofaa muda mfupi

Ipo kazi inayotaka watu wengi kwa siku chache, na haki inatutaka tuiseme. Mwaka 2023 mtoto mmoja mkoani Rukwa alithibitika kuwa na polio iliyotokana na kirusi cha chanjo kilichobadilika, aina ya pili. Kirusi cha namna hiyo husambaa mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa, na mwaka huo kilikuwa kikizunguka pia katika nchi jirani. Septemba mwaka huohuo chanjo ya matone ilitolewa kwa siku nne nyumba kwa nyumba katika mikoa sita, Rukwa, Katavi, Kigoma, Kagera, Mbeya na Songwe, kwa watoto wote walio chini ya miaka 8.

Kazi kama hiyo inahitaji miguu mingi na kalamu nyingi. Mtu anafundishwa leo, kesho anabeba kasha la baridi, anapaka wino kidoleni, anaandika chaki mlangoni. Msaidizi wa kujitolea anafaa hapa, na kipindupindu kikizuka bonde la Ziwa Rukwa anafaa vilevile. Tatizo ni la haraka, na muda wake ni wa haraka.

Hata hivyo, hodi hupigwa na mwenyeji. Baba aliyesikia uvumi kwamba chanjo inaharibu uzazi hafungui mlango kwa sababu kishikwambi kimefika. Anafungua kwa sababu anayeita nje ni mama fulani, jirani aliyemzika pamoja naye baba yake mzazi. Huyo jirani ndiye mhudumu wa jamii, na imani aliyoijenga kwa miaka yote anaikopesha kampeni kwa siku nne.

Wageni, wasomi na wenyeji

Kwa mgeni wa ng'ambo, sheria iko wazi: anayekuja kujitolea anahitaji kibali cha ukaazi daraja C, na visa ya utalii haitoshi. Kibali hakimfundishi lugha wala mipaka ya kazi yake. Mtafiti Noelle Sullivan, aliyechunguza wageni wanaojitolea katika vituo vya afya Tanzania, ameonyesha jinsi jambo hili lilivyogeuka biashara. Mashirika huuza nafasi, na vijana ambao kwao wasingeruhusiwa kumgusa mgonjwa huja wakitarajia kuruhusiwa huku. Wakati huohuo wauguzi wenye kazi tele huacha shughuli zao kuwafasiria na kuwasimamia. Mgeni anayefaa hafanani na hao. Anakuja na ujuzi unaokosekana: kutengeneza jokofu la chanjo, kusafisha takwimu, kumfundisha mtunza takwimu wa manispaa hadi aweze peke yake. Anajifunza Kiswahili, na Pito anajua pia kwamba bibi yake mtoto atamwelewa zaidi mtu anayezungumza Kifipa. Anakubali kuagizwa na mwenyeji.

Msomi wetu wa diploma yuko njia panda. Kujitolea kunampa ujuzi wa kweli, na wapo waliopata ajira kwa njia hiyo. Lakini miezi mitatu ikiongezwa mitatu mingine, kisha mitatu tena, hapo ni ajira isiyolipwa. Tena inachuja watu kimyakimya. Binti ambaye wazazi wake wana nyumba Sumbawanga mjini atavumilia mwaka mzima. Binti wa mkulima wa Pito anayehitaji nauli, chakula na chumba hataweza, ingawa yeye ndiye anayeijua kata kwa miguu yake. Mradi unaodai kujitolea bila kulipa hata nauli na chakula umeshawachagua wenye uwezo kabla ya usaili.

Anabaki wa tatu. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inayofanyika kila robo mwaka, ni yeye aliyepita jana yake kuwakumbusha akina mama. Ni yeye anayesimama kando ya sufuria kuonyesha namna ya kuuchanganya uji na karanga, maharage yaliyosagwa, yai au dagaa. Wiki inayofuata atapita nyumbani kuuliza kama uji ule ulipikwa tena. Kuuliza mara ya pili, ya tatu na ya kumi ndiyo dawa ya udumavu, kwa maana tabia ya jikoni haibadilishwi na semina moja. Na huyo ndiye miradi mingi imemlipa kwa fulana, posho ya siku ya mafunzo na cheti.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2018 ukisema wahudumu wa jamii walipwe kulingana na uzito wa kazi, muda na mafunzo yao. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwaandaa wahudumu 137,294 nchi nzima kwa miaka mitano. Halmashauri nazo zilishabanwa na mkataba wa lishe wa 2017, uliozitaka kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 5. Hatua hizi ni za kupongezwa kwa dhati. Kinachobaki ni kuhakikisha kwamba fedha zilizotengwa zinatoka, na zinatoka kwa wakati. Kwa mtu aliyeacha palizi, posho ya Januari ikilipwa Julai shamba limeshaingia magugu.

Mwaka 2025 ulituonyesha hatari ya kuegemea upande mmoja. Januari, Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Rukwa ilikuwa imeonja msaada huo. Mradi wa Lishe Endelevu, ulioongozwa na Save the Children kwa fedha za USAID, ulifanya kazi hapa na katika mikoa ya Dodoma, Iringa na Morogoro, ukiwatumia wahudumu hawahawa. Mradi ukiisha, gari na vishikwambi vinaondoka pamoja na wasaidizi. Mhudumu na watoto wanabaki. Kama posho yake ilikuwa ndani ya bajeti ya mradi, kazi inakufa na mradi. Kama iko ndani ya bajeti ya halmashauri, kazi inaendelea, hata kama kwa unyonge.

Vigezo vya kupimia mradi

Kutokana na haya, diwani wa kata, mganga mkuu, au kijana anayefikiria kujaza fomu anaweza kuupima mradi kwa maswali manne. Tatizo linachukua muda gani, na msaidizi atakaa muda gani? Kampeni ya siku nne inatosheka na mtu wa wiki mbili. Lishe inataka mtu wa miaka miwili, au mtu wa muda mfupi anayemsaidia wa muda mrefu. Mhudumu wa jamii analipwa nini, na nani? Jibu likiwa ni fulana, msaidizi wa kutoka nje asiletwe kwanza. Fedha za tiketi yake zinaweza kumlipa mwenyeji kwa miezi mingi. Mwenyeji atakuwa na ujuzi gani mradi ukiisha ambao leo hana? Na takwimu zinarudi kwa nani? Kata iliyotoa watoto wake wapimwe ina haki ya kuambiwa kwenye mkutano wake, kwa lugha yake, ni wangapi wamedumaa na mwaka jana walikuwa wangapi.

Wapo watakaosema kwamba kumlipa mhudumu kunaua moyo wa kujitolea. Sikubaliani nao. Mwalimu analipwa na bado wapo walimu wanaokesha kwa ajili ya wanafunzi. Muuguzi analipwa na bado wapo wanaouguza kwa upendo. Malipo hayaondoi moyo. Yanaondoa njaa inayoukata moyo. Anayedai kwamba maskini wa Pito afanye bure kazi ambayo msimamizi wake anaifanya kwa mshahara hatetei kujitolea, bali anatetea unafuu wa bajeti yake.

Mgeni njoo mwenyeji apone, tumesema siku zote, na katika afya msemo huo ndio kipimo. Vijana waendelee kuja Ufipa, kutoka Tokyo, Oslo au Dar es Salaam. Kazi ipo ya kuwatosha wote, na nia njema yao ni mali. Lakini waje nyuma ya mhudumu wa kata, wamshikie upande wa pili wa ubao wa kupimia. Na halmashauri impe mhudumu huyo mkataba na mshahara kabla ya tangazo lolote la kutafuta wa kujitolea kutoka nje. Asilimia 56 ilishuka hadi 50, kwa hiyo udumavu unashukika. Kila asilimia inayofuata itashushwa hasa na mtu ambaye Pito ni kwao, na mtu huyo lazima alipwe.